"Kompyuta haina sababu ya kunidanganya"

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya mauzo kwa duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam. Haikuwa kitu kikubwa: orodha ya bidhaa, bei, risiti, na ripoti ya jioni inayomwambia mwenye duka ni shilingi ngapi zinatakiwa kuwemo kwenye droo. Nilikabidhi kazi siku ya Jumatatu, nikanywa chai kwa maandazi, nikapokea nusu ya pili ya malipo yangu, nikaondoka. Wiki ya tatu mama mwenye duka akanipigia simu.

"Mwanangu, programu yako nzuri sana. Imenikamatia mwizi."

Mwizi mwenyewe alikuwa kijana wa kaunta, mwenye miaka minne pale dukani. Kila jioni droo ilikuwa inapungua kidogo, leo elfu kumi na sita, kesho elfu ishirini na tano, mpaka jumla ikafika shilingi 386,500. Mama alikuwa ameshamkata laki moja kwenye mshahara na anawaza kumpeleka kituoni. Nilipofika, kijana hakunitazama. Mama alipotoka nje kupokea simu ndipo akaninong'oneza: "Kaka, mimi sijaiba. Ila sijui nijitetee vipi." Mama aliporudi nikamuuliza kama ana uhakika. Akanijibu kwa upole kabisa, kama anayemwelewesha mtoto: "Kompyuta haina sababu ya kunidanganya. Yeye anayo."

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikawa nawaangalia wanavyouza. Printa ya risiti ilikuwa ya bei poa, karatasi inakwama kila baada ya wateja wachache. Ikikwama, kijana anaivuta, anaifunga, anabonyeza "Chapa" mara ya pili, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Na kila alipobonyeza, programu yangu iliandika mauzo upya. Mteja mmoja, mfuko mmoja wa saruji, risiti moja mkononi. Kwenye kompyuta, mifuko miwili imeuzwa na fedha ya mifuko miwili inadaiwa. Ushahidi wa kumsafisha kijana ulikuwa umelala stoo muda wote huo, ila hakuna aliyekwenda kuuhesabu. Tulipohesabu tukakuta mifuko 14 ya saruji, bati 5 na kilo 10 za misumari ambazo kwa mujibu wa programu zilishaondoka. Piga kwa bei: 386,500, mpaka shilingi ya mwisho.

Kosa lilikuwa kwenye mistari miwili. Nililirekebisha palepale, chai haijapoa.

Naanza na aibu yangu kwa sababu mjadala wa kama mtumiaji avumilie kasoro za programu mpya huwa tunauendesha sisi waandika programu, na huwa tunauendesha kwa kujipendelea. Hoja yetu inafahamika. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Programu ikitoka leo itayumba yumba, wape watu miezi, itatulia. Hakuna mtu aliyewahi kuandika programu ya maana isiyo na kosa. Unaweza kuijaribu kwenye simu kumi ofisini kwako, kisha ikaangukia mikononi mwa mtu mwenye simu ya miaka saba, kioo kimepasuka, hifadhi imejaa picha za harusi, na tarehe ya simu inasoma mwaka 2015. Hutaweza kuyawaza yote hayo. Wengine inabidi wayagundue wakiwa njiani, na hao wengine ndio wateja.

Nusu ya hoja hiyo naikubali, na naikubali kwa moyo. Google walifungua Gmail Aprili 2004 ikiwa na neno "beta" kwenye nembo, maana yake bado tunajaribu, na neno hilo halikuondoka mpaka Julai 2009. Miaka mitano ya majaribio, mamilioni ya watu wakiitumia, na sikumbuki mtu aliyelalamika kuonewa. Aliyeiona haijaiva alibaki na barua pepe yake ya zamani. Kilichofanya kasoro zile zivumilike ni kwamba mlango wa kutokea ulikuwa wazi.

Nusu nyingine ndiyo siikubali. Tunapomwambia mtumiaji avumilie, tunazungumza kana kwamba anayeumizwa na kasoro ndiye aliyeichagua programu, na kana kwamba maumivu yenyewe ni usumbufu: skrini imeganda, zima uwashe. Yule kijana wa kaunta hakuchagua programu yangu. Wala hakusumbuliwa nayo. Kwake ilifanya kazi vizuri tu, haikuganda hata siku moja. Ilimfanya mwizi.

Uingereza jambo hilihili limetokea kwa kiwango ambacho bado wanakifanyia hesabu. Mwaka 1999 Shirika la Posta la huko lilianza kusambaza mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni iliyokuwa mikononi mwa Fujitsu, kwenye maelfu ya matawi. Mengi ya matawi hayo ni maduka ya kijijini: mbele unauza mkate na magazeti, kwenye kona kuna dirisha la posta. Msimamizi wa tawi alifungwa na mkataba: fedha ikipungua, unajaza kutoka mfukoni mwako. Na fedha ikaanza kupungua.

Jo Hamilton alikuwa na duka la aina hiyo katika kijiji cha South Warnborough, Hampshire. Jioni moja mfumo ukamwonyesha upungufu wa takribani pauni 2,000. Akapiga simu kwenye dawati la msaada, akafuata maelekezo, bonyeza hapa, bonyeza pale, na upungufu ukawa mara mbili, mbele ya macho yake, mtu wa msaada akiwa bado hewani. Akaambiwa anadaiwa. Miaka michache baadaye alisimama mahakamani na kukiri kughushi hesabu, kwa sababu hiyo ndiyo iliyoonekana njia ya kukwepa shitaka la wizi na jela. Seema Misra wa West Byfleet hakukiri wizi. Mwaka 2010 alihukumiwa miezi 15 akiwa mjamzito. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa kutegemea takwimu za mfumo ule, wengi wao wakishitakiwa na posta yenyewe. Waliokuwa wakipiga simu kuuliza walisimulia jibu lilelile: wewe peke yako ndiye mwenye tatizo hili.

Kuna kasoro moja ya Horizon inayonikosesha usingizi kuliko nyingine. Mwaka 2015, huko Dalmellington, Scotland, msimamizi mmoja alikuwa anaingiza pauni 8,000 kwenye mfumo. Skrini ikawa haisogei, akabonyeza tena kitufe cha kuingiza, akabonyeza tena. Kila mbonyezo ukahesabiwa pauni 8,000 nyingine, mpaka akawa "amepokea" 32,000. Nafsi yangu iliposoma hivyo ilirudi kwenye kile kiti cha plastiki. Ni kosa langu lilelile, limevaa suti, na limelipiwa mabilioni. Walipolifuatilia walikuta limeshatokea mara 112 katika matawi 88 ndani ya miaka mitano. Waandika programu wa pale hawakuwa wajinga kuliko mimi, na mimi sikuwa mjinga kuliko wenzangu. Kosa la namna hiyo hutokea. Tofauti ya duka lile na Uingereza ni kwamba pale dukani tulihesabu stoo.

Kwa nini Uingereza hawakuhesabu? Sababu ni nyingi, lakini moja ni ya kisheria na inafanana na kauli ya yule mama kwa namna ya kutisha. Sheria ya ushahidi ya mwaka 1984 ilimtaka anayeleta mahakamani karatasi ya kompyuta aonyeshe kwamba kompyuta hiyo ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Kifungu hicho kilionekana ni kero, kikafutwa kwa sheria ya mwaka 1999, mwaka uleule Horizon ilipoanza kusambazwa. Tangu hapo mahakama ikawa inachukulia kuwa kompyuta iko sahihi mpaka mshitakiwa athibitishe vinginevyo. Muuza magazeti wa kijijini athibitishe kosa ndani ya mfumo ambao haruhusiwi hata kuuona kwa ndani. Ilichukua mpaka Desemba 2019, baada ya wasimamizi 555 wakiongozwa na Alan Bates kushitaki kwa pamoja, ndipo Jaji Fraser akasema kwamba posta kushikilia kuwa mfumo hauna kasoro ni sawa na kushikilia, katika karne ya 21, kwamba dunia ni bapa. Bunge likalazimika kutunga sheria mwaka 2024 kufuta hukumu zile kwa jumla.

Nitoke kidogo nje ya njia. Kwetu kuna tatizo ambalo Waingereza hawana: kasoro za programu hazina jina. Nenda kaunta yoyote, benki, hospitali, ofisi ya serikali, stendi ya mabasi. Malipo yamekatwa mara mbili: "mtandao". Jina lako limetokea la mtu mwingine: "mtandao unasumbua". Fomu inakataa namba ya kitambulisho ambayo iko sahihi: "mtandao, dada, rudi Jumatano". Nusu ya mambo hayo hayahusiani na mtandao hata chembe. Ni mtu fulani aliandika mstari vibaya na hakuna anayemtafuta. Lakini mtandao ni kama mvua, haushitakiwi. Mhudumu aliyekaa kaunta naye simlaumu, yeye ameachiwa neno moja tu la kujikinga nalo. Ninachoshauri ni kidogo: ukiambiwa mtandao, uliza ni ujumbe gani umetokea kwenye skrini, upige picha. Utashangaa mara ngapi mtandao upo na unafanya kazi vizuri.

Wakati mwingine wanaohesabu stoo huwa wapo. Uchaguzi wa Kenya wa Machi 2013, ubao wa matokeo pale Bomas, kituo kikuu cha kujumlisha kura jijini Nairobi, ulionyesha kura zilizokataliwa zinapanda kwa kasi ya ajabu, zikapita 300,000. Siasa ikaanza kujengwa juu ya tarakimu hiyo, maana kura zilizokataliwa zikiingizwa kwenye hesabu, kuvuka asilimia 50 kunakuwa kugumu. Kisha tume ikaeleza kuwa programu ilikuwa inazidisha kura hizo mara nane. Matokeo ya mwisho, yaliyotoka kwenye fomu za karatasi, yalikuwa na kura 108,975 zilizokataliwa, na mshindi akavuka kwa asilimia 50.07. Sasa fikiria ubao ule bila fomu nyuma yake.

Ndiyo maana mimi swali la uvumilivu naligeuza. Kabla ya kuniuliza kama mtu avumilie, niambie: alijua kuwa anajaribiwa? Anaweza kukataa? Na yeye na mashine wakitofautiana, nani anaaminiwa?

Chukua michezo ya kompyuta. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020 ikiwa na kasoro za kuchekesha na za kuudhi, hasa kwenye mashine za PlayStation 4 na Xbox One. Wachezaji hawakuvumilia hata wiki mbili. Walidai fedha, wakarudishiwa, na Sony, wenye PlayStation, wakauondoa mchezo kwenye duka lao la mtandaoni mpaka Juni 2021. Marekebisho makubwa yaliyofuata yalikuwa ya zaidi ya gigabaiti 30, jambo ambalo kwa mtu wa Temeke anayenunua bando la wiki si marekebisho, ni tusi. "Tutarekebisha baadaye" ni ahadi iliyobuniwa na watu ambao intaneti kwao ni kama maji ya bomba. Hata hivyo, katika yote haya, yule mchezaji alikuwa na silaha: alinunua mwenyewe, na angeweza kurudisha.

Linganisha na tarehe 19 Julai 2024. CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, ilituma faili moja lenye kosa, na kompyuta takribani milioni 8.5 za Windows zikaanguka duniani, ndege zikakaa chini, hospitali zikaahirisha matibabu. Habari hiyo kila mtu anaikumbuka. Kisichokumbukwa ni kwamba wapo wasimamizi wa mifumo waliokuwa waangalifu: walikuwa wamepanga kompyuta zao zibaki nyuma toleo moja au mawili, ili kasoro za kwanza ziwapate wengine. Haikuwasaidia. Mpango ule wa kusubiri ulihusu programu yenyewe. Mafaili ya aina ile yalipita bila kuuliza, kwa wote kwa mkupuo. Watu walisema hapana, na hapana yao haikuunganishwa na waya wowote.

Njia ya kufanya vizuri inajulikana, tena tumeiona hapahapa. M-Pesa haikuanza na nchi nzima. Oktoba 2005 Safaricom na Vodafone walianza na wateja wasiofika 500 wa taasisi ya mikopo ya Faulu, Thika na Nairobi, wakiwa na mawakala wachache. Wazo lilikuwa watu walipe marejesho ya mkopo kwa simu. Majaribio yakaonyesha watu wanatumiana fedha wao kwa wao, kwa sababu ambazo hakuna mhandisi aliyeziwaza, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya hicho. Wasiofika mia tano waliyabeba makosa ya mwanzo, na waliyabeba wakijua.

Au chukua LUKU. Mita za umeme za kulipia kabla, katika nchi nyingi duniani, zinafuata kanuni moja ya tokeni iliyokuwa inahesabu dakika tangu Januari 1993 katika nafasi yenye biti 24, yaani tarakimu 24 za sifuri au moja. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216, kisha zinajaa. Zilikuwa zijae tarehe 24 Novemba 2024, na mita ambayo haijarekebishwa ingeanza kukataa kila tokeni mpya. Wahusika walilijua hilo mapema, wakatangaza, na TANESCO wakaendesha kampeni ya kuboresha mita bila malipo: ukinunua umeme unapata makundi matatu ya tarakimu ishirini, mawili ya kuibadili mita, la tatu ndiyo umeme wenyewe.

Nilimsaidia jirani yangu, bibi mmoja, jioni, taa ya simu mdomoni kwa sababu umeme ulikuwa umeisha. Mimi nasoma, yeye anabonyeza. Tarakimu sitini. Kwenye ya arobaini na kitu akakosea, tukarudia kundi. "Mjukuu wangu, hii ni umeme au namba za bahati nasibu?" Alilalamika mpaka mwisho, na alikuwa na haki. Lakini alijua kinachofanyika, alijua kwa nini, hakutozwa, na hakuna aliyemwambia kuwa kosa ni la mita yake peke yake. Usumbufu wa namna hiyo naweza kumwomba mtu auvumilie nikimtazama usoni.

Umoja wa Ulaya sasa umeandika kitu kinachogusa swali langu la tatu. Mwongozo wao mpya wa mwaka 2024 kuhusu bidhaa zenye kasoro unaitambua programu kuwa bidhaa, kama jiko la gesi au breki, na nchi wanachama zinatakiwa kuutumia kuanzia tarehe 9 Desemba 2026. Ile sentensi inayojificha kwenye mikataba tunayobofya bila kusoma, kwamba programu inatolewa "kama ilivyo", haitamkinga mtengenezaji dhidi ya mtu aliyeumizwa. Programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuona zilivyoandikwa, zinazotolewa nje ya biashara zimeachwa, na ni sawa. Anayekupa kitu bure, na jikoni kwake kuko wazi uingie, humdai kama unavyomdai muuzaji. Kubwa zaidi kwangu ni hili: pale ambapo teknolojia ni tata kiasi kwamba mwathirika hawezi kuthibitisha, akionyesha tu kwamba inaelekea kasoro ipo, mahakama inatakiwa kuchukulia kuwa ipo, na mtengenezaji ndiye apinge. Ni Horizon iliyogeuzwa kichwa chini miguu juu. Inasikitisha tu kwamba mwongozo huo unahusu kifo, majeraha, mali na data iliyoharibika, wala haugusi hasara ya fedha tupu. Jo Hamilton usingemsaidia. Kijana wa kaunta ndiyo kabisa.

Mama alimrudishia laki yake. Mbele yangu alimwambia "nisamehe mwanangu", jambo ambalo mabosi wa mjini hapa huwa hawalisemi, na kijana akaitikia kwa kichwa huku akiendelea kupima misumari. Mimi sikuambiwa neno, na nilistahili kuambiwa. Nilimpa kijana namba yangu, nikamwambia chochote kikitokea cha ajabu anipigie mimi kabla ya kumwambia mtu mwingine. Alinitazama kama ninayemuuzia kitu.

Nilirudi baada ya mwezi kuangalia printa mpya. Pembeni ya kompyuta kulikuwa na daftari nene la kaunta, jalada jekundu, kalamu imefungwa kwa uzi. Kijana anauza, anaandika kwanza kwenye daftari, ndipo anabonyeza kwenye programu. Nikamwambia mama kwamba nimeshalirekebisha lile kosa, kazi mbili za nini?

"Najua umelirekebisha," akasema. "Ila niambie, vikitofautiana tena, niamini kipi?"

Nikatazama programu yangu, nikatazama mwandiko wa kijana. Nikamwambia aamini daftari.

"Basi liache hapo."